Geti la Sentimita Themanini

Kosa langu la kwanza nililifanya siku ya Jumapili, tena kwa umakini mkubwa. Nilikaa juu ya jiwe kando ya tuta la Isongwa, nje ya jiji la Mbeya, tangu saa moja asubuhi hadi saa sita mchana, daftari mapajani, nikahesabu kila aliyepita. Walipita wakimbiaji kutoka mjini, waendesha baiskeli wenye kofia ngumu, na wanachuo waliokuja kupiga picha. Nilitumia kalamu za rangi tatu. Nilipomaliza niliandika kwa mwandiko wangu mzuri kabisa: "Watumiaji wa njia hii ni watu wa matembezi." Haikunijia hata kidogo kwamba wakati ule kijiji kizima kilikuwa kanisani. Na mimi ni Mlutheri wa kuzaliwa. Siku hiyo nilikosa ibada ili niwahesabu watu ambao wenyewe walikuwa ibadani.

Nieleze tuta hilo ni nini. Zamani, reli kubwa ilipokuwa inajengwa, palikuwa na tawi fupi lililoingia machimboni kuchukua kokoto. Kazi ilipoisha, vyuma viling'olewa, likabaki tuta la kilomita tisa, limenyooka, limepita katikati ya mashamba ya viazi mpaka kwenye gulio la barabarani. Wenyeji bado wanapaita "relini" ingawa hakuna reli. Miaka hii watu wa mjini wakaanza kwenda kutembea kule, na kijiji kikakubali tuta lisilimwe, liwe njia ya matembezi. Ikaundwa kamati ndogo. Anayeiongoza ni Karim, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mbeya mjini, mtu anayependa baiskeli kuliko chakula.

Karim aliona ramani ya tuta hilo niliyoichora na kuirusha kwenye kundi la waendesha baiskeli, akanipigia simu. Nilimwambia ukweli: sikusomea. Nimejifunza kuchora ramani kwa simu na kompyuta chakavu, nikiangalia video, nimekaa kwenye ngazi za chuo kimoja hapa Iringa ambako intaneti inafika mpaka nje. Akasema, "Hiyo ndiyo nzuri, injinia. Hutatuchaji kama waliosoma." Nikafanya mpango wa maboresho kwa miezi miwili. Niliufuta na kuuanza upya mara kumi na moja. Ndani yake nilipanga mtaro, vibao, mabenchi, na mageti matatu ya nguzo za chuma. Nafasi kati ya nguzo na nguzo ilikuwa sentimita themanini kamili, ili mtu na baiskeli yake wapite na bodaboda wakwame. Kipimo hicho nilikitoa kwenye mchoro wa nchi nyingine. Mwezi wa kwanza mageti yakajengwa.

Mwezi wa tatu, Jumatatu moja, Karim akapiga simu. Hakuniita injinia.

"Yusto, kuna mama ameanguka getini na mzigo. Mkono umeteguka. Alhamisi kijiji kina mkutano. Wanataka tuta ligawanywe, lirudi kuwa mashamba. Ukiwa na neno la kusema, njoo ulisemee huku."

Nilikuwa na mchoro tu.

Jumatano, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani kwetu Mlandege, Iringa. Nilikuwa nimeshafungua na kufunga begi mara nne. Kipimo cha futi, kipo. Daftari, lipo. Mpango uliopigwa chapa, kurasa ishirini na mbili, upo ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya mfuko mwingine. Mama alisimama mlangoni na kitenge mabegani, maana Iringa mwezi wa tatu asubuhi ni baridi.

"Unakwenda kuomba msamaha au unakwenda kufanya mtihani?" akauliza.

"Vyote."

"Haya. Huyo mama aliyeumia anaitwa nani?"

Nilijua urefu wa tuta, mwinuko wake, na idadi ya mawe ya mtaro. Jina la yule mama sikuuliza. Mama aliniangalia, akanipa mfuko wa maparachichi. "Mpe. Na umuulize jina kabla hujamwonyesha hayo makaratasi."

Saa kumi na mbili, stendi. Basi liliondoka kwa wakati, jambo lililonisikitisha. Nilitamani lichelewe. Tulishuka kilima, tukavuka mto, tukashika njia ya Mafinga. Nikatoa daftari nianze kuandika nitakachosema mkutanoni. "Ndugu wanakijiji, kwanza kabisa..." Nikafuta. "Waheshimiwa..." Nikafuta. Jirani yangu, baba mmoja mwenye sweta la kijani, alitazama ule ufutaji mpaka akachoka.

"Kijana, unamwandikia mchumba?"

"Hapana, baba. Naandika msamaha."

"Basi ni mchumba," akasema, akageukia dirishani kulala.

Mafinga, saa moja na nusu. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya misonobari, na malori ya mbao yamejipanga barabarani. Mama muuza chai alinisalimu kwa Kihehe, "Kamwene," nikaitika "Kamwene," na kwa dakika moja moyo ukatulia, kwa sababu bado nilikuwa kwetu. Nikanunua chai, sikuinywa. Nilikuwa napima kwa macho upana wa mlango wa basi. Ulikuwa mdogo, na abiria mmoja mwenye gunia la mkaa alikuwa anaambiwa alipeleke kwenye buti. Niliona jambo hilo vizuri kabisa na bado sikulielewa.

Makambako, saa tatu kasoro. Upepo wa pale unaingia hadi kwenye mifupa. Hapa ndipo reli kubwa na barabara vinapokutana, na kwa mbali niliona mabehewa yamesimama. Nikakumbuka kwa nini niliipenda kazi hii. Napenda vitu vilivyonyooka. Tuta la reli halipandi ghafla wala halikati kona ya hovyo. Nilipoliona mara ya kwanza nilijisemea kwamba hapa, walau hapa, naweza kufanya kitu kisicho na dosari.

Baada ya Igawa joto lilianza, mashamba ya mpunga yakatandazika hadi chini ya milima. Chimala, Igurusi, wauza mchele madirishani. Kisha tukaanza kupanda tena na hewa ikawa baridi. Kuanzia Inyala kando ya barabara kulikuwa na viazi: vimemwagwa kwenye maturubai, vimejazwa ndoo, na vimefungwa katika magunia ya lumbesa. Gunia la lumbesa hujazwa mpaka linapita mdomo, halafu linashonewa kilemba cha kamba juu, mpaka lifanane na mtu mnene aliyevaa kofia. Nilikuwa nimeona magunia hayo maisha yangu yote. Safari hii niliyatazama kwa macho mengine. Baiskeli moja ilikuwa inasukumwa na watu wawili, gunia limelazwa kwa upana nyuma ya kiti. Nikafungua kipimo changu ndani ya basi, nikakinyoosha hewani. Sentimita themanini. Nikatazama lile gunia. Nikafunga kipimo, nikafunga na daftari.

Mbeya mjini, saa nane mchana. Karim alinipokea dukani kwake, kati ya ndoo za rangi na mabomba. Alinipa kiti, hakunipa mkono mara moja.

"Nilikuuliza," akasema. "Kumbuka, nilikuuliza: umehakikisha? Ukaniambia umehesabu watu."

"Nilihesabu Jumapili, Kaka Karim."

Akaanza kucheka bila furaha, akijipigapiga paji la uso. "Jumapili! Mimi nafungua duka Jumapili kwa sababu najua mji mzima uko kanisani, sina mteja, napanga misumari. Ungeniuliza mimi, Mgujarati nisiyeingia kanisani! Ningekwambia!" Kisha akasimama. "Na mimi nina kosa. Niliogopa bodaboda. Kuna mtoto alinusurika kugongwa pale mwaka juzi. Nilitaka chuma, nikakushinikiza uweke chuma. Basi kesho tunakwenda wote."

Nikamuuliza jina la yule mama.

"Wanamwita Mama Atu."

Alhamisi, saa mbili asubuhi, Isongwa. Mkutano ulipangwa saa nne, ila niliomba tutangulie kwa Mama Atu. Nyumba yake iko upande wa machimbo, mbali kabisa na gulio. Tulimkuta anachambua viazi kwa mkono mmoja, wa pili umefungwa kitambaa. Ni mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti inayosikika shamba la tatu.

Nilimsalimu shikamoo, nikampa maparachichi, nikajitambulisha. Akaniangalia kuanzia kichwani hadi viatuni.

"Ndiyo wewe mwenye geti?"

"Ndiyo, mama."

"Nilidhani ni mtu mzima." Akageuka kwa Karim. "Hata ndevu hana! Tumefungiwa njia na mtoto!" Kisha akarudi kwangu. "Umekula?"

Nilianza kusema hotuba yangu. Nilifika "ninasikitika kwa dhati" akanikatiza. "Baba, acha kwanza. Leo kuna gunia langu linapaswa kufika gulioni. Mwanangu mkubwa atashika usukani wa baiskeli, mimi sina mkono wa kusukumia. Utasukuma wewe. Tukifika kwenye geti lako utaniambia ulichokuja kusema."

Nisiwafiche. Mimi si mtu wa mizigo. Mwanawe, jamaa wa rika langu aitwaye Atupele, alifunga kijiti kirefu kwenye usukani ili aweze kuongoza akitembea pembeni. Nikaweka mikono kwenye gunia, nikasukuma. Juu ya tuta njia ilikuwa nzuri, na nilijisifu moyoni kwa mtaro wangu, maana maji ya mvua ya usiku yalikuwa yameondoka pale nilipopanga yaondoke. Kujisifu huko kulidumu kilomita moja na nusu.

Geti la kwanza. Nguzo mbili zilizopakwa rangi nyeupe na nyekundu, zimesimama wima kabisa. Nilikuwa nimesisitiza ziwe wima kabisa. Gunia liligonga kushoto, likagonga kulia. Atupele alisimama, akanitazama kwa upole unaoumiza.

"Hapa ndiyo tunashuka, mwanangu," Mama Atu akasema.

Tulishuka ubavuni mwa tuta, kwenye udongo mwekundu uliolowa. Niliweka mguu, mguu ukaondoka. Nikalikumbatia gunia nilizuie, likanibeba. Kamba za kilemba zikakatika. Nilipofungua macho nilikuwa nimelala kwenye mfereji wa shamba la watu, viazi vinanipita kimoja kimoja kuelekea bondeni.

Mama Atu alisimama juu ya tuta, mkono wake mzima kiunoni. "Haya, injinia," akasema. "Sema sasa."

Nikaanza kuokota viazi. Karim akavua viatu vyake vya gharama, akashuka kuokota na mimi. Baada ya muda Mama Atu alianza kucheka, Atupele akafuatia, kicheko cha kweli, na mimi nikajikuta nalia na kucheka kwa pamoja. Sijui kama wengine waliona.

Tulipovuka, nilimwonyesha kwa mbali benchi jipya linalotazama bonde. Nilitaka walau kitu kimoja kiwe sahihi. "Pale mnaweza kupumzika, mama."

"Pale?" Akasogea, akalitazama. Benchi ni zuri, la mbao za Mafinga, nimelipiga msasa mwenyewe. "Tuseme nina ndoo kichwani, niko peke yangu. Nikikaa hapa nitapumzika. Halafu?"

"Halafu unaendelea."

"Nani atanitwisha?"

Nikalitazama benchi langu.

"Kukaa si kazi, baba. Kazi ni kusimama tena na mzigo. Ndiyo maana hatukai. Tunatembea moja kwa moja mpaka gulioni, tunafika shingo imekufa. Ungeniwekea kitu cha hapa," akaweka kiganja chake juu kidogo ya bega, "nishushe mzigo kwa kusogea tu, na nikitaka kuondoka niingize kichwa chini ya mzigo, niende. Hapo ningekuombea kwa Mungu."

Nilitoa kipimo, mikono ina matope. "Naomba usimame hivyo hivyo, mama." Nikapima kuanzia ardhini hadi kiganja chake. Nikaandika. Ilikuwa namba ya kwanza kwenye daftari lile niliyoipata kwa mtu wa Isongwa.

Saa nne na nusu, uwanja wa shule. Tulichelewa, tena tukiwa na matope. Watu walikuwa wameshajaa kwenye nyasi, mwenyekiti wa kijiji mezani na kitabu chake. Mtu mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Ona, Mhehe amelima kwanza!" Kicheko kikapita kama upepo. Mwingine akaongeza kwa utani wa makabila, "Wahehe, tuliwakosea nini mtuletee geti? Si mngetuletea mke tu?"

Mwenyekiti akagonga meza. Hoja ikasomwa: tuta ligawanywe, kila nyumba iliyopakana nalo ipewe kipande ilime. Mzee mmoja alisema watu wa mjini wamekuja kutembea na kuacha chupa za maji, wenyeji wamepata nguzo za chuma. Hakuna aliyempinga. Nilihesabu vichwa vilivyotikiswa kukubali, kisha nikaacha kuhesabu.

Karim alisimama, akasema kamati ilikosea, akakaa. Ikafika zamu yangu. Zile kurasa ishirini na mbili zilikuwa kwenye mifuko yake miwili, safi, kitu pekee kisafi nilichokuwa nacho. Sikuzitoa. Nikasema:

"Naitwa Yusto, natoka Iringa, Mlandege. Mageti nilichora mimi. Nilikuja kuhesabu watu Jumapili asubuhi. Sikumwuliza mtu yeyote. Leo nimesukuma gunia la Mama Atu nikaanguka palepale alipoanguka. Naomba mageti yang'olewe leo, kabla hamjaamua habari ya tuta. Nitachimba mwenyewe."

"Jumapili asubuhi?" mwenyekiti akauliza.

"Ndiyo, mwenyekiti."

"Ulimhesabu nani sasa?" Wakacheka tena, ila kicheko hiki kilikuwa laini zaidi.

Mtu wa nyuma akauliza, "Mkiyatoa, bodaboda je? Si ndiyo hoja yenu?"

Hapo Mama Atu alisimama bila kuitwa. "Bodaboda wa hapa ni saba. Mama zao wote nawafahamu, wawili wamekaa hapa mbele yangu wanajifanya hawasikii. Waambieni vijana wenu siku ya gulio wasipite relini. Atakayepita nitakuja kwenu, na mkono wangu huu huu." Wale kina mama wawili wakainamisha vichwa, mmoja akiziba mdomo kwa kanga. "Na njia msiigawe," Mama Atu akaendelea. "Mkiigawa, sisi wa machimboni tutabebea wapi? Mtatupitisha kwenye matuta ya viazi vyenu? Mimi sikuja kusema tuta life. Nilikuja kusema geti life."

Ubishi uliendelea karibu saa nzima. Kuna waliosema huyu kijana ataondoka na nguzo zitabaki. Mwishowe mwenyekiti akaita mikono. Upande wa kugawa ulikuwa na mikono mingi. Upande wa kuacha ulikuwa na mingi zaidi kidogo, wengi wao kina mama wa machimboni. Masharti yakaandikwa kitabuni: mageti yatoke siku hiyo hiyo, mahali pa kushushia mizigo pajengwe kabla ya mavuno yajayo, na pasipojengwa, tuta ligawanywe bila mkutano mwingine.

Saa saba mchana, relini. Nilichimba geti la kwanza kwa sururu kwa karibu dakika ishirini. Zege nilikuwa nimeagiza liwe imara. Viganja vilipotoka malengelenge, Atupele akaichukua sururu bila kusema kitu, kisha wakaja wengine. Jioni jua likiwa bado lipo, nguzo sita zilikuwa zimelala kwenye nyasi. Karim aliziangalia kama mfanyabiashara anavyoangalia bidhaa iliyorudishwa.

"Zikatwe," Mama Atu akasema, "ziwe miguu ya kile kitu changu cha kushushia mzigo, kama meza ndefu."

Karim akainua kichwa. "Nina mashine ya kuchomelea. Urefu gani?"

Wote wakanitazama. Nilifungua daftari lenye matope, nikawasomea.

Ijumaa, njia ya kurudi. Basi lilipita tena kati ya magunia ya Inyala, nikapanda na kushuka milima ile ile. Sitasema nilitulia. Kuanzia Igawa nilishaanza kuwaza kama kiganja cha Mama Atu kinawafaa na wanawake warefu, na Makambako nikampigia Atupele simu kumwomba apime shangazi zake watatu. Akacheka, akakubali. Jioni, Mlandege, Mama aliniuliza swali moja tu, na safari hii nilikuwa na jibu: anaitwa Mama Atu, ana watoto wanne, mkono unaendelea vizuri, na maparachichi anasema yalikuwa hayajaiva.

Sasa ni mavuno mengine. Relini hakuna geti hata moja. Kuna meza tatu ndefu za kushushia mizigo, moja fupi kidogo kuliko nyingine kwa ajili ya mabinti, na watu wa mjini huegemea hapo kunywa maji. Siku ya gulio bodaboda hupita chini, isipokuwa mmoja, na mama yake anajulikana. Mpango wangu una kurasa sita, una mikato ya kalamu, na nimeuacha hivyo. Nahesabu watu siku ya gulio, na Jumapili naenda kanisani.